Nilisema Ni Sensa Tu

Niliwahi kuamini, na nilikuwa nikilisema kwa sauti kubwa mbele ya mtu yeyote, kwamba gari la mashindano halitakiwi kuwa na akili. Akili iwe ya dereva. Breki zinazojishika na kujiachia zenyewe, kompyuta inayopunguza nguvu ya injini tairi likianza kuteleza, vyote hivyo nilitaka vitolewe, na waliovikataza kwenye sheria zao niliwaona watu wenye busara. Bado sijui kama nilikosea. Ninachojua ni kwamba ubishi ule ulikuwa wa uwanja wa mbio, na mimi niliutoa uwanjani nikaupeleka barabarani.

Mimi ni fundi wa breki. Kazi nilijifunza Tanga, mwanamke peke yangu darasani, na nikaja kuimalizia hapa Louisville, Marekani, katika gereji moja ya Shively, ambako mpaka leo wateja wengine wakiingia wanachungulia nyuma ya mgongo wangu wakimtafuta fundi. Nimezoea. Lakini mazoea hayo yamenipa ulimi mkali, na pia yamenipa kiburi fulani ambacho kwa miaka mingi nilidhani ni ujuzi. Mtu akiharibu gari kwa kutojua kuendesha, simwonei huruma hata kidogo.

Jumapili mchana huwa nawafundisha kina mama kuendesha, katika maegesho ya kanisa moja la Wakongo upande wa Iroquois. Mimi Mwislamu, kanisa lao, na maegesho ni makubwa. Hakuna aliyewahi kulalamika. Nimewafundisha wengi. Mmoja kati yao akaja kuwa shoga yangu. Alikuwa ametoka Kivu na mumewe, wakakaa kambini miaka kumi na mmoja, wakaletwa hapa pamoja na binti yao ambaye sasa ana miaka minane na humjibu mama yake kwa Kiingereza tu. Mama huyu alikuwa anafanya kazi ya kuwatunza wazee, kuwanyanyua kitandani, kuwaogesha, kuwaweka kwenye viti. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu. Usukani tu ndio uliomtoa jasho.

Somo la theluji ndilo lililotuchelewesha. Kwao alikuwa amewaona madereva wa malori wakipiga breki kidogokidogo kwenye utelezi, kanyaga, achia, kanyaga, achia, na mguu wake ulitaka kufanya vivyo hivyo ingawa hakuna aliyeufundisha. Kwa gari la zamani huo ni ufundi mzuri. Kwa gari la siku hizi unalizuia tu lisifanye kazi yake. Nikamwambia, "Kanyaga mpaka mwisho, shikilia, usiachie. Utasikia kanyagio linatetemeka chini ya mguu. Usiogope. Hiyo ni kompyuta inaachia na kushika kwa niaba yako, haraka kuliko mguu wa binadamu."

"Nikanyage fren tu, nishikilie?" aliniuliza. Breki kwake ni fren, kama wanavyosema watu wa kwao.

"Ushikilie. Mengine liachie gari."

Ilichukua Jumapili tatu. Jumapili ya tatu mguu wake ukaacha kubishana nami, na nilirudi nyumbani nikijisifu moyoni.

Mumewe hakuhitaji kufundishwa na mtu. Alikuwa dereva wa lori huko Kivu, katika barabara za matope ambako lori linaweza kulala siku nne bila kusogea hatua moja. Hapa alikuwa anafunga maboksi kwenye ghala, zamu ya mchana, simu imefungiwa kabatini mpaka zamu iishe, na siku nzima hakuna anayemwuliza anajua nini. Akanunua gari dogo bovu, akalifanya la mashindano. Kuna uwanja wa udongo, mwendo wa saa moja hivi nje ya mji, ambako Jumamosi mchana watu wa kawaida kabisa, mafundi bomba, wauza nyama, walimu, wanazunguka kwa magari ya namna hiyo mpaka wanachafuka masikio. Akaniomba niwe fundi wake. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Nilizipenda Jumamosi zile, siwezi kudanganya. Nilipenda harufu ya udongo uliomwagiwa maji, nilipenda namna alivyoliacha gari liserereke kwenye kona huku mikono yake imetulia kabisa. Pale hakuna aliyechungulia nyuma ya mgongo wangu.

Siku ya kwanza kabisa msimamizi wa uwanja aliwakusanya madereva akawasomea sheria. Kiingereza chake kilikuwa cha haraka, cha kukata maneno, na mume wa shoga yangu alikuwa anakipata nusu nusu, kwa hiyo nilisimama pembeni nikamtafsiria. Ilipofika sheria ya vile vifaa vya umeme, breki za kompyuta na wenzake, nikatafuta neno la haraka. Nikasema, "Misaada yote ya dereva imekatazwa."

Alinigeukia. "Musaada?"

"Ndiyo. Misaada. Gari lisikusaidie."

Akacheka mpaka akashika magoti, kisha akachanganya Kifaransa kidogo kama kawaida yake. "Bon. Dada, miye nilikula musaada myaka kumi na moya kwa kambi. Bunga ya musaada, mafuta ya musaada, hata sabuni ya musaada. Ndani ya gari sitaki tena musaada."

Toka siku hiyo ikawa ndiyo salamu yetu. Nikimwona mwishoni mwa uwanja nilimpigia kelele, "Musaada?" naye alijibu, "Sitaki." Tulikuwa tunacheka. Sikufikiri nimempa nini. Ningeweza kuchagua neno jingine, yako mengi, lakini nilichagua lile ambalo kwa mtu aliyepanga foleni miaka kumi na mmoja akisubiri kikombe cha mafuta ni neno la aibu. Kuanzia hapo kukataa breki za kompyuta hakukuwa tena sheria ya uwanja. Kwake kulikuwa kujinyoosha mgongo.

Mdogo wangu wa kiume hakucheka. Yeye anaishi Columbus na mkewe, ni mhandisi, na kazi yake ni kuyajaribu hayo hayo, breki kwenye maji, breki kwenye barafu. Nilipomsimulia habari ya misaada kwenye simu, alisema, "Umekosea neno, dada. Hiyo si misaada, ni kinga. Mtu akivaa mkanda utasema amesaidiwa?"

"Mkanda haumfanyi mtu aonekane hodari. Hizo breki zako zinamfanya."

"Kwa hiyo shida yako ni nani anaonekana hodari."

"Shida yangu ni kwamba zinamlea dereva mbovu. Anaingia kona kwa mwendo asiouweza, kompyuta inamwokoa, kesho anaongeza. Zitoe, kila mtu ataenda kwa kipimo chake. Anayeshinda awe mtu, si kompyuta."

"Na anayekufa?" akauliza.

Nilimwambia amejifunza magari kwenye skrini. Akaniambia mimi nina kichwa kigumu tangu tumboni. Tuliendelea hivyo mwezi baada ya mwezi, na sitasema kwamba hoja zangu zote zilikuwa za kijinga. Hata yeye alikiri kwamba uwanjani watu wameingia wakijua. Nami nikamkubalia jambo moja, nalikumbuka vizuri, nilikuwa nimesimama jikoni nakaanga mandazi. Nilimwambia, "Barabarani ni habari nyingine. Barabarani ziwepo." Kwa hiyo siwezi kujitia hamnazo. Nilijua.

Mwishoni mwa msimu yule bwana alibingirika. Gari lilizunguka mara mbili hewani likatua kichwa chini, juu ya paa lake, naye akatoka dirishani na mkwaruzo kwenye kidole. Mkewe hakuwepo, lakini mtu alimwonyesha picha kwenye simu. Jumapili iliyofuata, kanisani, baada ya ibada, alimwekea mumewe mkono juu ya Biblia mbele ya mchungaji, na mumewe akala kiapo kwamba hatashindana tena. Gari la mashindano likauzwa. Nililia kidogo lilipoondoka, na shoga yangu aliniona, akadhani nalia kwa furaha kwamba mumewe amepona.

Baridi ilipokolea yule bwana alikuja gereji. Aliongea na matairi kuliko alivyoongea na mimi. Alisema mikono inalala. Alisema uwanja utafunguliwa tena majira ya kuchipua na kuna mtu amemwahidi kiti cha dereva kwenye gari lake la mashindano. Kiapo hakukitaja, na mimi sikukiuliza. Gari lao la nyumbani lilikuwa chapa ileile na lile la mashindano, umri tu ndio uliopishana. Akasema kuna maegesho ya duka lililofungwa, yamejaa theluji, na Jumapili mchana mkewe siku hizi huwa kazini. Lakini kila akijaribu kulifanya gari liserereke, kompyuta inalinyoosha.

"Dada, niondolee musaada," akasema.

Ni kazi ya sekunde. Unafungua kisanduku chini ya boneti, unaivuta fyuzi moja ndogo kuliko ukucha. Breki zinabaki, ila ni breki za zamani, zinafunga tairi na kulifanya jiwe. Kwenye dashibodi zinawaka taa mbili za njano, ya ABS, yaani breki za kompyuta, na ya utelezi. Niliivuta. Jumapili ile niliahirisha somo nikaenda kumtazama, na alicheza kwenye theluji ile vizuri mno, mpaka nilisahau kwamba miguu yangu imekufa ganzi. Tulipomaliza alisema nikae na fyuzi mpaka Jumapili ijayo, kwani theluji nyingine inakuja na atataka kurudia. Barabara za mjini zilikuwa kavu. Nikaiweka kwenye kabati langu la zana.

Jumatano, saa nane mchana, alinipigia kutoka kazini kwa simu ya ofisi, wakati wa mapumziko. "Anakuja kwako. Aliona mataa. Donc, unajua ya kusema."

Baada ya saa moja shoga yangu akaingia, bado yuko kwenye sare ya kazi, viatu vyeupe, nywele zimefungwa. Hakukaa. "Mwalimu, iyi ni nini? Taa mbili ya manjano inaniangalia tu tangu Jumapili. Bwana yangu anasema nikuulize."

Kabati la zana lilikuwa hatua kumi kutoka pale tuliposimama. Nimezihesabu baadaye. Ningeweza kwenda, nikarudi, nikainama kana kwamba nakagua, na taa zingezimika bila mtu kujua chochote. Hata uongo ungewezekana kwa namna isiyomdhuru mtu. Sikufanya hivyo kwa sababu nilitaka ile Jumapili. Hakuna sababu nyingine, na nimeitafuta.

"Ni sensa tu," nikamwambia. "Chumvi ya barabarani imeingia. Haina neno, Jumapili nitaisafisha."

Uso wake ukalegea. Aliniamini upesi sana, namna mtu anavyomwamini aliyemfundisha kutembea, na akaniachia bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, alilokuwa amenipikia.

Ijumaa asubuhi, saa nne kasoro, nilikuwa nimelala chini ya gari la mteja. Simu ikaita. Mdogo wangu.

"Rafiki yako yuko hapa," akasema. Nilidhani nimesikia vibaya. Akaeleza kwamba mdogo wake wa kike shoga yangu, anayekaa Buffalo, amejifungua usiku wa kuamkia jana, siku kumi kabla ya siku aliyotarajiwa, na hana mtu wa kumkanda wala kumpikia uji. Mumewe alikuwa amekataliwa ruhusa ghalani. Kwa hiyo mama amemfunga binti yake mkanda saa kumi na mbili asubuhi, akaondoka, na sasa wamepumzika Columbus kwa mdogo wangu, katikati ya safari, kama tulivyofanya mimi na yeye mwaka uliopita tulipoendesha njia hiyohiyo kwa zamu. Mke wa mdogo wangu alikuwa anawapa chai.

Nikatoka chini ya gari. Sakafu ya gereji ilikuwa ya baridi, nikabaki nimekaa palepale.

"Nimelitazama gari," mdogo wangu akaendelea. "Taa ya ABS inawaka na ya utelezi pia. Anasema wewe umeiona, umemwambia ni sensa."

"Ndiyo."

"Sensa ya gurudumu gani?"

"Sikupima. Ni chumvi tu."

"Kule Buffalo, kando ya ziwa, theluji inaanguka tangu jana, dada. Nifungue kisanduku cha fyuzi niangalie? Dakika moja tu."

Sasa nitaeleza kilichopita kichwani mwangu, kwa sababu watu hudhani uovu unakuja na mawazo makubwa. Nilifikiri: akifungua ataona pengo, na atajua fyuzi haikuungua bali imetolewa, na atauliza nani kaitoa. Nilifikiri juu ya ile miezi yote ya kubishana. Nilimwona anavyotabasamu. Nilimfikiria pia yule bwana na kiapo chake, lakini niseme ukweli, huyo alikuja wa pili.

"Usiguse gari la mtu," nikasema. "Mimi ndiye fundi wa breki. Mwache aende."

"Una hakika?" akauliza.

"Nimekwambia."

"Haya. Wewe ndiye unayelijua," akasema, bila kejeli yoyote. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote baadaye, kwamba siku hiyo moja aliamua kuniheshimu.

Nilirudi chini ya gari la mteja. Nilifunga nati mbili, nikazifungua, nikazifunga tena. Saa tano nikatazama hali ya hewa ya Buffalo kwenye simu. Saa sita nikatazama tena. Nilijiambia anaendesha polepole, nilijiambia barabara kuu inamwagwa chumvi, nilijiambia watu waliendesha miaka sitini bila kompyuta na hawakuisha duniani. Kila nililojiambia lilikuwa kweli. Lakini hao watu wa miaka sitini mguu wao ulijua kuachia. Wa kwake nilikuwa nimeufundisha usiachie kamwe, kwa Jumapili tatu, nikimgombeza.

Saa saba nikashindwa kuvumilia, nikampigia. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, na tena. Hakupokea, kwa sababu nilimfundisha kwamba dereva hagusi simu hata ikiita mara mia, na yeye alishika kila nilichomwambia. Nikatuma ujumbe, nikauandika vibaya kwa vidole vyenye grisi: simama popote ulipo, nipigie. Nikampigia mumewe, simu yake ilikuwa kabatini. Nikaogopa kumpigia mdogo wangu. Mkuu wa gereji aliniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo.

Saa kumi na moja mumewe akanipigia. Alikuwa ametoka zamu, amekuta simu zisizo na idadi za shemeji yake wa Buffalo. Hakuchanganya Kifaransa chake cha kujitapa. Alisema tu, "Dada, amegongwa."

Ilikuwa mita mia mbili kutoka nyumbani kwa mdogo wake, pembeni ya Grant Street, kwenye maduka ya vyakula ambako tulinunua dagaa mwaka uliopita. Theluji ilikuwa imekanyagwa mpaka ikang'aa. Taa ilikuwa nyekundu, akaanza kusimama mapema, kama nilivyomfundisha, na gari halikusimama. Lilienda moja kwa moja, polepole, limenyooka, likaingia katikati ya njia panda, na lori la kukwangua theluji likampiga ubavuni, upande wake. Binti alikuwa nyuma upande wa pili. Alichanika kidevu tu. Mama yake alivunjika nyonga na paja.

Tuliondoka alfajiri Jumamosi kwa gari langu, mimi na mumewe, huku yule shemeji yake wa Buffalo akiwa amebaki na kichanga mkononi na binti yao kitandani kwake. Tulipita Columbus. Mdogo wangu alikuwa amesimama nje ya nyumba yake na chupa ya chai, kofia imevutwa mpaka kwenye nyusi. Alikuja upande wangu, akaegemea dirisha.

"Ilikuwa fyuzi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo."

Akanipa chupa ya chai. Akatazama matairi ya gari langu, akasema njia imesafishwa mpaka Cleveland, baada ya hapo tuwe waangalifu.  Ningependa angetabasamu, ningepata mtu wa kumchukia.

Baada ya Cleveland mumewe akaanza kuongea, macho mbele. "Usimwambie. Nitamwambia miye, pole pole, akisha kupona. Sasa ile itamuua."

"Kitakachomuua ni nini, fyuzi au kiapo?"

 Alikuwa amevishika viganja vyake pamoja katikati ya magoti, ile mikono niliyokuwa naisifia. Nilikuwa na hasira naye, nikajua pia sina haki nayo hasira hiyo. Yeye aliomba. Mimi ndiye niliyevuta, nikasema uongo, kisha nikaulizwa mara ya pili nikausema tena.

Tulifika hospitalini mchana. Mumewe ndiye aliyeingia kwanza, dakika chache, kisha akatoka kwenda kumchukulia supu kwa shemeji yake, kwani chakula cha pale hakuweza kukimeza. Nikaingia mimi. Mguu wake ulikuwa umefungwa kwa vyuma, uso umevimba upande mmoja. Daktari alikuwa ameshasema kwamba atatembea, kwa fimbo labda, lakini kazi ya kunyanyua wazee aisahau. Nilishika mkono wake. Ule mkono wenye nguvu.

"Mwalimu, unisamehe," akasema.

Nilifikiri nimekosea kusikia.

"Nilifanya vile ulinifunza. Nilikanyaga fren, nikashikilia, sikuachia. Lakini haikutetemeka. Nikasema labda mguu yangu haina nguvu, nikakanyaga zaidi. Mutoto alikuwa analia. Sijui nilikosa wapi." Machozi yalimtoka kwenye jicho moja, lile ambalo halikuvimba. "Sitaendesha tena. Nimekuaibisha."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeombwa ninyamaze na mtu mwenye haki kuliko mimi ya kupanga lini aambiwe. Lakini nilitazama mguu ule na kuona kwamba ataulaumu maisha yake yote, kila atakapoinuka kwenye kiti, na kwamba mimi nitakuwa nakuja Jumapili kumsalimia huku anaomba radhi. Nikaogopa hilo kuliko kitu kingine chochote.

"Hukukosea," nikamwambia. "Kanyagio halikutetemeka kwa sababu niliitoa fyuzi. Mimi, kwa mkono wangu. Haikuwa sensa."

Hakuelewa, nikamweleza tena kwa maneno madogo madogo, kama siku za maegesho. Nikamweleza habari ya Columbus pia, kwamba mdogo wangu alitaka kufungua kisanduku na nikamkataza. Hakuondoa mkono wake mkononi mwangu. Alikuwa ananitazama kwa makini, namna alivyokuwa akinitazama nikimweleza alama za barabarani.

"Kwa nini uliitoa?"

Nikatazama mlango ambao mumewe alikuwa ametokea. Na hapo akajua. Nilimwona akijua. Macho yake yalienda mlangoni, yakarudi kwangu.

"Bwana yangu alijua?"

"Ndiyo."

"Siku ile ya Jumatano. Wakati alinituma kwako nikuulize. Alijua?"

"Alijua," nikasema. "Alinipigia kabla hujafika."

Akautoa mkono wake polepole, akauweka juu ya shuka. Hakulia tena. Nje ya dirisha theluji ilikuwa imeanza upya, na chini kulikuwa na gari linajaribu kutoka kwenye maegesho, tairi linazunguka bila kushika.

"Bon," akasema. "Muende. Wote mbili."

Nikatoka. Mumewe alikuwa amesharudi, amekaa kwenye benchi ya ukumbini, bakuli la supu limefungwa kwa taulo juu ya magoti yake, binti yao, aliyemchukua kwa shemeji, ameketi pembeni na plasta kidevuni. Akaniuliza kama ameamka. Nikamwambia ameamka, na kwamba amesema tusiingie.